Rwagasore na Serikali ya Wiki Mbili

Kila mwaka ifikapo tarehe 13 Oktoba, jirani zetu wa Burundi huweka mashada ya maua juu ya kaburi lililoko Vugizo, katika vilima vinavyoutazama mji wa Bujumbura. Aliyelala pale ni Louis Rwagasore, mwana wa mfalme na Waziri Mkuu, aliyeuawa mwaka 1961 akiwa na umri wa miaka 29 tu. Sisi tunaokaa Ngara na Biharamulo aghalabu twaipokea siku hiyo kama habari ya ugenini. Twadhani si vema. Maafa yaliyofuata kifo chake yamefika milangoni mwetu mara nyingi, na wazee wetu wameyaona kwa macho yao. Kwa hiyo leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya kijana huyu, hasa wale ambao wamelisikia jina lake tu, na kuuliza pamoja nao swali moja: kwa nini nchi iliyompenda kiongozi wake kiasi kile haikuweza kupata serikali ya kudumu?

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba Bugufi na Burundi si wageni wao kwa wao. Kabla ya kuja Wazungu, Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Urundi. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha na Wajerumani kuondolewa, Wabelgiji walipewa Ruanda na Urundi, Waingereza wakapewa Tanganyika, na Bugufi ikabaki upande wa Waingereza. Mstari uliochorwa na watu wa mbali ukapita katikati ya koo na mashamba. Hata leo Mhangaza wa Kabanga na Mrundi wa Kobero huzungumza bila kuhitaji mkalimani, na huoana, na huzikana. Basi tunapozungumza habari za Rwagasore twazungumza habari za ndugu.

Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, akiwa mwana wa kwanza wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Baba yake alikuwa ametawazwa mwaka 1915 angali mtoto mdogo, na alikuwa mjukuu wa Mwezi Gisabo, yule mfalme mashuhuri aliyepigana na Wajerumani. Katika nchi ile wana wa wafalme, waitwao Baganwa, walikuwa wamegawanyika tangu zamani katika matawi yaliyoshindana. Wazao wa Mwezi waliitwa Bezi. Tawi jingine, la Batare, lilitokana na Ntare Rugamba, baba yake Mwezi. Wabelgiji walipotawala, baadhi ya machifu wa Batare, na hasa Pierre Baranyanka, walipata heshima kubwa mbele yao. Ugomvi huu wa jamaa moja tuuweke moyoni, kwani ndio uliokuja kumwaga damu.

Kijana Louis alisoma katika shule za misioni, kisha akaingia shule kubwa ya Mabruda huko Astrida, mji uitwao sasa Huye, mahali walipofundishwa wengi wa wale waliokuja kuwa wakubwa wa Rwanda na Burundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipelekwa Ubelgiji, akasoma Antwerp na Leuven. Aliporudi nyumbani mwaka 1956 angaliweza kukaa kwa raha katika kivuli cha baba yake. Yeye alichagua njia nyingine.

Kazi yake ya kwanza haikuwa siasa bali biashara. Mwaka 1957 alianzisha vyama vya ushirika vya wafanyabiashara mjini Usumbura, ndio Bujumbura ya leo, ili watu weusi waunganishe mitaji yao midogo na kuacha kutegemea maduka ya wageni. Wazee wa Bugufi walilielewa jambo hilo upesi, maana wakulima wa kahawa wa huku walikuwa wamekwisha kuunda chama chao cha ushirika tangu miaka ya 1930. Waliomzunguka Rwagasore wa kwanza walikuwa wachuuzi na wenye maduka wa mjini, wengi wao Waislamu wasemao Kiswahili, watu ambao wakubwa wa vilimani waliwadharau. Mwana wa mfalme aliketi nao, akasema lugha yao, akawafanya rafiki. Walakini vyama vile havikudumu. Fedha zilikuwa chache, madeni yakawa mengi, na serikali ya Wabelgiji iliutazama ushirika ule kwa shaka tangu mwanzo. Watu walimpenda Rwagasore sana. Lakini mapenzi ya watu hayaandiki daftari la hesabu wala hayalipi deni. Twaomba msomaji alishike jambo hili, maana litarudi tena mbele yetu katika sura kubwa zaidi.

Kutoka katika ushirika kikatokea chama cha siasa. Mwaka 1958 Rwagasore na wenzake walianza kuunda UPRONA, chama cha umoja na maendeleo ya taifa. Neno kubwa la chama hicho lilikuwa umoja, tena haukuwa umoja wa midomo. Ndani yake waliingia Baganwa, Watutsi na Wahutu. Paul Mirerekano, Mhutu aliyekuwa hodari wa kuhutubia na kukusanya wakulima, akawa mmoja wa nguzo zake. Jambo hili tulipime kwa majira yake. Mnamo Novemba 1959 machafuko yalianza katika Rwanda, nyumba zikachomwa moto, na maelfu ya Watutsi wakakimbia, wengine wakavuka Kagera na kuingia kwetu Ngara. Burundi ilikuwa na Wahutu na Watutsi vilevile, na wengi waliogopa kwamba moto wa jirani utavuka mpaka. Wakati huo huo Rwagasore alikuwa akisema na watu wote kama watu wamoja, akiutumia ufalme, ambao wote waliuheshimu, kuwa paa la nyumba moja.

Mwaka huo wa 1959 alioa, mke wake akiitwa Marie-Rose Ntamikevyo. Walipata watoto wawili wa kike, na wote wawili walifariki wangali wachanga.

Wabelgiji hawakupendezwa na mwana wa mfalme aliyedai uhuru upesi, tena aliyekuwa rafiki wa Julius Nyerere na kupata msaada wa TANU. Walipendelea chama kingine kilichojiita Chama cha Demokrasia cha Kikristo, yaani PDC, ambacho viongozi wake wakuu walikuwa Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, wana wa yule chifu Baranyanka wa Batare. Hivyo ugomvi wa zamani wa Bezi na Batare ukavaa nguo mpya za vyama vya siasa. Mwaka 1960 ikatolewa amri kwamba jamaa wa karibu wa Mwami wasishiriki siasa, na kila mtu alijua amri hiyo ililengwa kwa nani. Uchaguzi wa mabaraza ya wilaya ulipofanywa mwishoni mwa mwaka ule, Rwagasore alikuwa amezuiliwa nyumbani chini ya ulinzi. PDC ikapata viti vingi kuliko chama kingine chochote, na serikali ya muda ikaundwa, Ntidendereza akiwa waziri wake wa mambo ya ndani.

Umoja wa Mataifa, uliokuwa mwangalizi wa nchi zile za udhamini, haukuridhika. Ulitaka uchaguzi wa bunge uahirishwe, na watu wapige kura kwa haki mbele ya wajumbe wake. Siku ikafika, tarehe 18 Septemba 1961. Katika viti 64, UPRONA ilipata 58. Watu wa vilimani na watu wa mjini, Wahutu na Watutsi, walikuwa wamesema neno moja. Mwisho wa mwezi ule Rwagasore akawa Waziri Mkuu. Naibu wake alikuwa Pierre Ngendandumwe, Mhutu msomi, na shemeji yake André Muhirwa akapewa mambo ya ndani. Ushindi ule ulikuwa mkubwa mno, na hapo ndipo hatari ilipokuwa. Waliozoea kuwa wakubwa walijikuta hawana kitu kwa siku moja, na hapakuwa na desturi yoyote ya kuwafundisha jinsi mtu anavyoshindwa kwa heshima, akakaa upande wa pili wa baraza, akangoja zamu yake.

Hazikupita wiki mbili na nusu. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961 Rwagasore alikuwa akila chakula katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa mjini Usumbura. Mgiriki mmoja, Jean Kageorgis, alimpiga risasi kutoka gizani, naye akafa. Baada ya siku chache wauaji walikamatwa, na nyuma ya Mgiriki yule wakaonekana viongozi wa PDC. Kageorgis aliuawa kwa hukumu tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya Burundi kupata uhuru. Wenzake walikuwa wamepewa adhabu za kifungo. Lakini baada ya uhuru kesi ilifunguliwa tena, na tarehe 15 Januari 1963 watu watano, miongoni mwao Ntidendereza na Biroli, wakanyongwa hadharani huko Gitega. Kama wakubwa wa Kibelgiji walijua lolote kabla ya mauaji, na walijua kiasi gani, ni swali ambalo wanahistoria waendelea kulichunguza hata katika miaka hii yetu.

Gazeti la Kanisa haliwezi kupita hapa kimya. Rwagasore alikuwa Mkristo, na chama cha waliopanga kumwua kilibeba jina la Kristo katika bendera yake. Tusijidanganye kwamba jina la dini likiandikwa juu ya chama, au juu ya mlango wa ofisi, basi dhamiri ya aliyemo ndani imekwisha kulindwa. Wala tusiseme kwamba kitanzi cha Gitega kiliiponya nchi. Kuwaadhibu wauaji ni haki ya serikali. Lakini kesi iliyokwisha kukatwa ikifunguliwa upya wakati hasira ingali ya moto, watu hujifunza kuiona hukumu kama zamu ya kulipiza kisasi, na zamu hiyo haina mwisho.

Sasa tutazame yaliyofuata. Muhirwa akashika uwaziri mkuu. Mirerekano akaona kwamba uongozi wa chama ni haki yake, Muhirwa naye akaona ni haki yake yeye, na hapakuwa na kanuni iliyokubaliwa na wote ya kuamua. UPRONA ikagawanyika makundi mawili, na mgawanyiko huo pole pole ukafuata mstari wa Wahutu na Watutsi, mstari ule ule ambao Rwagasore alijitahidi kuufuta. Mwezi Januari 1962, kabla hata ya uhuru, vijana wa chama waliojiita kwa jina la Rwagasore waliwashambulia na kuwaua viongozi wa Kihutu huko Kamenge, mjini Usumbura. Mtu aliyeishi kwa ajili ya umoja, jina lake lilikuwa limefanywa silaha kabla udongo wa kaburi lake haujakauka vizuri.

Mawaziri wakuu wakapokezana. Baada ya Muhirwa alikuja Ngendandumwe mwaka 1963, kisha Albin Nyamoya mwaka 1964. Januari 1965 Ngendandumwe akaitwa tena, na siku chache tu baadaye, tarehe 15, akapigwa risasi na kufa alipokuwa akitoka hospitali kumwona mke wake aliyejifungua. Akafuata Joseph Bamina. Mei 1965 watu walipiga kura, na Wahutu wakapata viti 23 katika 33. Lakini Mwami akamchagua Léopold Biha, mtu wa nyumba yake mwenyewe, kuwa Waziri Mkuu. Oktoba mwaka ule baadhi ya maaskari walijaribu kuipindua serikali. Biha akajeruhiwa vibaya, Mwami akakimbia nchi, na wanasiasa wa Kihutu wengi wakauawa, Bamina na Mirerekano wakiwa miongoni mwao. Mwaka 1966 mwana mwingine wa Mwambutsa alimwondoa baba yake akatawazwa kwa jina la Ntare wa Tano, na tarehe 28 Novemba mwaka ule ule Kapteni Michel Micombero akamwondoa yeye na kuufuta ufalme. Ilikuwa miaka mitano tu tangu jioni ile ya Hoteli Tanganyika.

Tukiuliza kosa lilikuwa wapi, ni rahisi kujibu kwamba lilikuwa risasi ya Kageorgis. Ni kweli, lakini si kweli yote. Risasi ilimwua mtu mmoja. Kama serikali ilikufa pamoja naye, ni kwa sababu mambo mengi mno yalikuwa yameegemea juu yake yeye peke yake. Yeye ndiye aliyekuwa kiungo kati ya mfalme na wakulima, kati ya mji na vilima, kati ya Mhutu na Mtutsi. Viungo hivyo vilikuwa katika jina lake, katika sura yake, katika imani ambayo watu walikuwa nayo kwake. Havikuwa vimeandikwa mahali popote. Hapakuwa na kanuni ya kumpata mrithi wake katika chama, wala mapatano juu ya haki ya walioshindwa, wala mpaka ulio wazi kati ya madaraka ya Mwami na ya bunge, wala jeshi lililojua kwamba ni mtumishi wa wote. Ni kama vile vyama vya ushirika vya mwaka 1957: mapenzi ya watu yalikuwa tele, daftari halikuwepo. Hatumlaumu marehemu, maana nani angaliweza kuyatengeneza hayo yote kwa wiki mbili? Twasema tu kwamba waliobaki walirithi jina lake, wakaligombania, badala ya kumalizia kazi yake.

Wala tusimtazame jirani kwa kiburi. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Januari 1962, haujapita hata mwezi mmoja na nusu, Nyerere aliuacha uwaziri mkuu kwa hiari ili akaimarishe chama, na Rashidi Kawawa akashika mahali pake. Wengi walishangaa na wengine wakaogopa. Lakini nchi ikaona kwa macho yake, mapema kabisa, kwamba kiti chaweza kubadilisha mwenyewe na serikali isianguke. Hata hivyo Januari 1964 maaskari wetu waliasi, na ikabidi kuwaita Waingereza waliotoka juzi tu waje kuwanyang'anya silaha. Basi tofauti yetu na Burundi haikuwa kwamba sisi tulikuwa watu bora. Sisi tulipata nafasi ya kujifunza kuachiana madaraka wakati kiongozi angali hai. Wao walinyimwa nafasi hiyo kwa risasi.

Gharama ya somo lile tumeilipa sisi pia. Mwaka 1972 mauaji makubwa yalipotokea Burundi, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Tanzania. Mwaka 1993 Melchior Ndadaye, rais wa kwanza wa nchi ile kuchaguliwa na watu wote, aliuawa na maaskari tarehe 21 Oktoba, baada ya kutawala miezi mitatu tu, na mamia ya maelfu wakamiminika tena mipakani. Wilaya ya Ngara ilikuwa ingali inawahifadhi hao wakati watu wa Rwanda, mwishoni mwa Aprili 1994, walipovuka daraja la Rusumo, wapatao robo milioni kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa kubwa kuliko mji wowote wa jirani. Wazee wa Ngara na Biharamulo wakumbuka miti iliyokatwa hata vilima vikabaki vitupu, maji yaliyopungua, silaha zilizozagaa, na hofu ya majambazi katika barabara ya Nyakahura na Lusahunga. Wakumbuka pia wageni waliopewa ndizi na maharage na watu ambao wenyewe hawakuwa na vingi. Serikali ikianguka upande wa pili wa mto, kuni hupungua upande huu.

Miaka karibu arobaini baada ya kifo cha Rwagasore, rafiki yake wa zamani alirudi kwenye kazi iliyobaki. Mwalimu Nyerere, akiwa mzee aliyestaafu, aliwakusanya Warundi wa pande zote huko Arusha na kuwasuluhisha kwa uvumilivu mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Nelson Mandela akaipokea kazi hiyo, na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukatiwa sahihi. Ndani yake, na katika katiba iliyofuata mwaka 2005, viliandikwa viungo vile vile vilivyokosekana mwaka 1961: jinsi Wahutu na Watutsi watakavyogawana nafasi katika bunge, na jinsi jeshi litakavyokuwa nusu kwa nusu. Mambo ambayo kijana mmoja aliyashika kwa mikono yake sasa yaliwekwa katika maandishi. Tena hata maandishi hayo yaweza kutikiswa, kama ilivyoonekana mwaka 2015 mabishano juu ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza yalipowarudisha wakimbizi katika njia zile zile. Karatasi haijilindi yenyewe. Yataka watu walio tayari kuitii hata inapowakataza jambo wanalolitamani.

Kalenda yenyewe imeziweka kumbukumbu mbili bega kwa bega: tarehe 13 Oktoba Burundi yamkumbuka Rwagasore, na tarehe 14 sisi twamkumbuka Nyerere. Twawaomba wasomaji wetu wazitumie siku hizo mbili si kwa kuwasifu marehemu tu, bali kwa kujiuliza maswali machache yaliyo karibu nao. Katika chama chetu cha ushirika, mwenyekiti akifariki usiku huu, nani ajua mahali daftari lilipo? Katika baraza la kijiji, aliyeshindwa kura hukaribishwa kuketi na kusema, au hufanywa adui? Katika halmashauri ya parokia, je, tumemwandaa mwingine, au tumemwachia mtu mmoja mzigo wote kwa sababu twampenda? Anayeyajibu hayo kwa kweli, na kuanza kurekebisha palipo na kasoro, huyo amemkumbuka Rwagasore vema kuliko aletaye maua.